Programu huria au programu ya kampuni: pima kwanza kile utakachokiacha

Miaka kadhaa iliyopita nilimwandalia mhasibu mmoja niliyekuwa nikifanya naye kazi karatasi ya ulinganisho. Kushoto niliandika Excel, kulia LibreOffice Calc, programu huria ya majedwali. Kila kipengele, Calc ilishinda au ilitoka sare: inafungua faili zilezile, ina idadi ileile ya safu mlalo, 1,048,576, haidai ada ya mwaka, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, mfumo endeshi ulio huria. Nikamkabidhi nikiamini mjadala umekwisha. Akaisoma yote, akaikunja vizuri, akasema, "Kaka, haya yote nimeyakubali. Sasa niambie, mwisho wa mwezi nani atanifungia hesabu?"

Akanionyesha. Kwenye faili yake kulikuwa na kitufe kimoja cha kijivu. Akikibonyeza, makro, yaani mfululizo wa amri zinazojiendesha, iliyoandikwa kwa VBA, lugha ya makro ya Microsoft Office, inakusanya majedwali ya mwezi mzima, inayapanga, inatoa ripoti. Aliyeiandika aliondoka zamani na hakuacha maelezo. Nilipoifungua faili ile kwenye Calc na kubonyeza kitufe, ulitokea ujumbe wa hitilafu, kwa sababu Calc inaielewa VBA kwa sehemu tu. Karatasi yangu ya ulinganisho haikuwa na mstari wa kitufe kile.

Tangu siku ile sijamwita mtu mbishi kwa kukataa kuhama. Nazipenda programu huria na ninazitumia kila siku, lakini naona tunaozipigia debe tunalinganisha vitu visivyo. Tunalinganisha programu na programu, ilhali kinachomshika mtu ni vile alivyovijenga kuizunguka programu yake: mazoea ya vidole, faili za miaka, na watu wa kuwauliza. Huko ndiko ulinganisho unakopaswa kuanzia.

Kwa asiyezoea maneno haya: programu miliki ni ile ambayo msimbo wake ni siri ya kampuni, nawe unapewa ruhusa ya kuitumia kwa masharti. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, na leseni inamruhusu yeyote kuusoma, kuubadili na kuusambaza. Tofauti hiyo ni ya haki na leseni. Ubora ni swali jingine, na jibu lake hubadilika kutoka programu moja hadi nyingine.

Vidole

Chukua programu mbili za kuhariri picha: Photoshop ya kampuni ya Adobe na GIMP iliyo huria. Kwenye Photoshop, herufi B inakupa brashi, na P inakupa kalamu ya kuchora njia. Kwenye GIMP, P ndiyo brashi na B ndiyo zana ya njia. Zimebadilishana kabisa.

Kaa pembeni ya msanifu aliyetumia Photoshop miaka kumi, umtazame siku yake ya kwanza na GIMP. Kidole kinabonyeza B kabla hajafikiri. Anaburuta, badala ya rangi anaona nukta na mistari ya njia. Anatengua. Anaitafuta brashi kwa macho, anaipata, anapaka kidogo, anahitaji kitu kingine, anarudi, kidole kinabonyeza B tena. Anapomaliza anakwenda kuhifadhi picha kama JPEG na kugundua kwamba tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, "Hifadhi" ya GIMP inatoa faili ya XCF tu, muundo wa GIMP yenyewe. JPEG iko kwenye amri nyingine ya kuhamisha. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilicho kigumu. Njia za mkato zinabadilishwa kwenye mipangilio, na amri ya kuhamisha inazoeleka kwa siku mbili. Lakini kwa siku hizo mbili mtu aliye fundi anajihisi mwanafunzi, tena mbele ya wenzake na kazi ikiwa na tarehe ya mwisho. Mazoea yana taabu, na taabu hii haionekani kwenye jedwali lolote la vipengele.

Waliojenga Blender, programu huria ya 3D, walilielewa hili wakalifanyia kazi. Kwa miaka mingi Blender ilichagua vitu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, wakati programu karibu zote hutumia cha kushoto. Wageni wengi walikwama hapo hapo. Toleo la 2.80 la Julai 2019 lilihamisha uchaguzi kwenda kitufe cha kushoto na kupanga upya kiolesura kizima. Toleo lile lilikuwa na mengi zaidi ya hayo, lakini mlango ulipanuliwa. Mwaka 2025 filamu ya katuni iliyotengenezwa kwa Blender ilishinda tuzo ya Oscar. Kwa kazi za 3D, anayeanza leo sioni sababu ya kumwelekeza kwingine kwanza.

GIMP siwezi kuisema hivyo, na ni lazima niwe mkweli. Uhariri usioharibu picha ya asili, ambao Photoshop imekuwa nao kwa muda mrefu, uliingia GIMP kwenye toleo la 3.0 mwezi Machi 2025. Kwa anayetayarisha kazi za kiwandani zenye rangi za CMYK, yaani za wino wa uchapishaji, Photoshop bado iko mbele. Kwa anayekata picha, kurekebisha mwanga na kuandika maneno juu yake, GIMP inatosha na kubaki. Na kama kazi yako ni kuchora kwa mkono, acha zote mbili uijaribu Krita, programu huria ya kuchora.

Upande wa maandishi hali ni nyepesi zaidi. Microsoft wenyewe walibadilisha menyu za programu kuu za Office mwaka 2007 wakaleta utepe wa vitufe. Watu walilalamika sana, na bado wakabaki, kwa kuwa walibadilika wote pamoja na wa meza ya jirani naye alikuwa anatafuta kitufe kilekile. LibreOffice inafunguka na menyu za mtindo wa zamani, lakini ukiingia kwenye menyu ya mwonekano na kuchagua kiolesura cha vichupo, unapata kitu kinachokaribiana na ule utepe. Nashangaa jinsi watu wengi wanavyoiacha LibreOffice bila kuambiwa jambo hilo.

Faili

Hapa ndipo uzito wote ulipo.

Niliwahi kupokea ripoti ya kurasa 14 iliyoandikwa kwa Word. Kwenye kompyuta yangu ya Linux ikafunguka kurasa 15, na mstari wa saini ukawa umebaki peke yake kwenye ukurasa wa mwisho. Aliyeituma alipoona akasema programu yangu imeharibu kazi yake, na kwa anavyoona yeye alikuwa na haki.

Kilichotokea ni hiki. Kuanzia Office 2007 hadi mwaka 2023, ilipopokewa na Aptos, fonti ya kawaida ya Word ilikuwa Calibri. Calibri ni mali yenye leseni, haiji na Linux. Programu isipoikuta inaweka fonti nyingine, ambayo herufi zake ni pana kidogo au nyembamba kidogo. Tofauti ni ya unywele, lakini mwisho wa mstari neno moja linashuka, mwisho wa aya mstari mmoja unaongezeka, na baada ya kurasa 14 saini inajikuta ng'ambo. Dawa yake ipo: fonti ya Carlito ilichorwa ili kila herufi ichukue upana uleule wa Calibri. Caladea inafanya hivyo kwa Cambria, na familia ya Liberation inafanya hivyo kwa Arial, Times New Roman na Courier New. Nilipoweka Carlito ripoti ikarudi kurasa 14, saini mahali pake. Ilikuwa kazi ya dakika tatu, ila anayehama hana wa kumwambia kwamba shida ni fonti. Anaona hati imeharibika, basi.

Chini ya fonti kuna suala la miundo ya faili. Muundo wa ODF, unaotumiwa na LibreOffice, ulikuwa kiwango cha ISO mwaka 2006. Muundo wa OOXML, yaani docx na wenzake, nao ukakubaliwa mwaka 2008. Kwa hiyo tuna viwango viwili vya kimataifa kwa kazi moja, na kila programu inaandika wa kwake kwa ufasaha na wa mwenzake kwa kujitahidi. Barua, makala na majedwali ya kawaida hupita salama. Zinazoumia ni hati zenye masanduku ya maandishi yaliyopangwa juu ya picha, fomu za kujaza, fahirisi ngumu, na makro.

Kwa upande wa pili wa mizani kuna jambo ambalo wahifadhi wa kumbukumbu wanalijua vizuri. LibreOffice inafungua faili za programu nyingi za zamani, zikiwemo za WordPerfect, na hata za zilizokwishakufa kama AppleWorks. Faili ya kampuni iliyofunga duka haina mwenyewe. Muundo ulio wazi hata programu yake ikiachwa, mtu mwingine anaweza kuandika ya kuusoma. Kama unatunza nyaraka zitakazohitajika baada ya miaka thelathini, hoja hii peke yake inapaswa kukutosha.

Watu

Kampuni hujivunia huduma kwa wateja, na wapenzi wa programu huria hujivunia jamii ya watumiaji mtandaoni. Wengi wetu hatuendi huko wala huko. Tunamgeukia wa meza ya pili: "Dada, hivi namba za kurasa zinaanzaje ukurasa wa tatu?" Anayehama peke yake ofisini anapoteza msaada huo, na hakuna jukwaa la mtandaoni linaloujaza. Wakihama watano pamoja, msaada unahama nao. Ndiyo maana nashauri hivi: usihame mwenyewe kama kazi yenu ni ya kupokezana hati.

Mfano ulio wazi zaidi ni Signal na WhatsApp. Usimbaji wa ujumbe kwenye WhatsApp umejengwa juu ya itifaki ya Signal, na ulikamilishwa kwa watumiaji wote mwaka 2016. Signal msimbo wake uko wazi, inaendeshwa na taasisi isiyo ya faida, na inahifadhi taarifa chache mno kuhusu mtumiaji. Kwenye karatasi inashinda. Lakini simu ya mama yako ina WhatsApp, na kikundi cha kazini kiko WhatsApp. Anayebaki huko hakushindwa kuelewa faragha; yuko walipo watu wake. Suluhisho linalofanya kazi ni kuwa nazo zote mbili na kuhamisha mazungumzo moja moja.

Ukitaka uthibitisho kwamba watu hawachukii uhuria wenyewe, angalia mahali walipohama bila kusukumwa. VLC, programu huria ya kuchezea video, imeenea kila mahali. Ukicheza video kwa VLC, video inabaki ileile, huhitaji kumtumia mtu matokeo, na hakuna aliyekuuliza umetumia nini. Kwa watumiaji wasioona, NVDA, msomaji wa skrini wa programu huria ulioanza kutengenezwa mwaka 2006, ni miongoni mwa zinazotumika zaidi duniani, pamoja na kwamba mshindani wake wa kulipia alitangulia kwa miaka mingi. Palipo na mizizi mifupi, watu huhama wenyewe.

Neno "bure"

Kwa Kiswahili tuna tatizo la ziada. "Bure" ni kitu kisicholipiwa, lakini pia ni kitu kisicho na thamani: kazi bure, mtu bure. Ukimwambia mtu programu hii ni ya bure umeshampa sababu ya kuitilia shaka, naye ana methali yake tayari: rahisi ghali. Mimi nimeacha kuanza na bei. Naanza na swali la nani anaamua.

Mwaka 2013 Adobe walitangaza kwamba baada ya CS6, kifurushi chao chenye Photoshop, hakutakuwa na toleo jipya la kununua moja kwa moja. Ni kulipia usajili. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida, na Windows 11 inadai kompyuta yenye TPM 2.0, kijenzi cha usalama, na vichakataji vya orodha fulani, hivyo mashine nyingi zilizokuwa zikifanya kazi vizuri ziliachwa nje. Katika visa vyote viwili mtumiaji hakuulizwa. Kubaki nako kuna gharama, ila inakuja baadaye na kwa tarehe ambayo hukuipanga wewe. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, ni kweli, lakini linakula kidogo kila mwaka.

Kuhama nako kuna bei: saa za kujifunza, faili za kurekebisha, makro za kuandika upya. Anayesema gharama ni sifuri hajawahi kuhamisha ofisi.

Usalama na lawama

Utasikia "ikitokea shida kwenye programu huria, nitamshtaki nani?" Soma leseni za pande zote mbili. Kwa kawaida zote zinajiondoa kwenye dhima kwa kadiri sheria inavyoruhusu. Unachonunua kwa kampuni ni mkataba wa huduma, na mkataba wa namna hiyo unanunulika pia kwa programu huria.

Kuhusu uwazi na usalama, kisa cha xz cha Machi 2024 kinaonyesha pande zote. Mtu aliyejenga uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili aliingiza mlango wa siri kwenye xz, maktaba ya kubana data (msimbo unaotumiwa na programu nyingine) inayotumika sana kwenye Linux. Mhandisi Andres Freund aliugundua kwa kuwa kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kupitia mtandao, kulichelewa kama nusu sekunde, akafuatilia mpaka chanzo. Aliweza kufuatilia kwa sababu kila kitu kilikuwa wazi. Lakini mlango ule uliingia kwa sababu mradi muhimu kiasi hicho ulikuwa unabebwa na mtu mmoja aliyechoka. Anayekuambia upande mmoja una usalama na mwingine hauna, mwombe maelezo zaidi.

Walivyohama wengine

Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux. Kufikia 2013 karibu kompyuta 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Mwaka 2017 baraza lilipiga kura kurudi Windows, baada ya malalamiko ya muda mrefu, yakiwemo ya kubadilishana hati na watu wa nje na ya programu maalumu za idara zilizotaka Windows.

Jeshi la Gendarmerie la Ufaransa, polisi wa kijeshi, lilipita njia nyingine. Mwaka 2005 lilianza na OpenOffice, mtangulizi wa LibreOffice, juu ya Windows ileile. Zikafuata Firefox ya kuvinjari mtandao na Thunderbird ya barua pepe. Kuanzia 2008 ndipo Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, ikaanza kuingizwa, na leo makumi ya maelfu ya kompyuta zao zinaendeshwa na Linux. Askari alipobadilishiwa mfumo endeshi, programu alizozifungua kila asubuhi zilikuwa zilezile alizokwisha kuzizoea. Siasa za Munich zilikuwa na mambo yake, na sitaki kuzipunguza ziwe jambo moja, lakini mpangilio wa Wafaransa ndio ninaoufuata kila ninapoombwa msaada.

Kwa hiyo uchague ipi

Kama ndio unaanza, mwanafunzi au mtu asiye na faili za zamani, anza na programu huria moja kwa moja. Huna cha kuacha, na hutapata nafasi rahisi kuliko hii.

Kama unaandika peke yako, barua, vitabu, makala, hamia LibreOffice, weka fonti nilizotaja, na ukimaliza tuma PDF. Kama mnapokezana hati yenye marekebisho ya watu wanne, kubalianeni programu moja kwanza, iwe yoyote. Mchanganyiko ndio unaoua.

Kama ofisi yako inaishi kwa makro, au kazi yako inadai faili za muundo wa kampuni fulani, baki nayo kwa kazi hiyo, bila aibu, na uhamishe mengine. Mfumo endeshi uache mwisho. Linux nyingi, Linux Mint ikiwemo, zinawashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Ijaribu hivyo wiki nzima, uone kama printa, Wi-Fi na kamera vinaitika.

Kabla ya yote, fanya jaribio ambalo mimi sikulifanya kwa yule mhasibu. Chagua faili tatu ngumu kuliko zote ulizo nazo, zile unazoziogopa. Zifungue upande wa pili, zihariri, zihifadhi, kisha zirudishe kwenye programu ya zamani utazame kilichobadilika. Saa moja ya jaribio hilo itakuambia mengi kuliko karatasi kama ile yangu.

Tulifanya hivyo naye baadaye. Faili mbili zilipita, ya kitufe ikakataa. Basi Excel ikabaki kwenye kompyuta yake kwa ajili ya kitufe kile, na barua, kumbukumbu na majedwali madogo yakahamia LibreOffice. Mwisho wa mwezi anaifungua faili, anabonyeza, anachapa ripoti, anaifunga. Msimu uliofuata alianza kuniuliza makro ile imeandikwaje ndani, tukaifungua pamoja mstari kwa mstari, tukiandika kwenye daftari kila mstari unafanya nini.